Fawara ya Nicollet na Bei ya Matunzo

Wengi wetu tuishio katika miji hii miwili tumewahi kupita Nicollet Mall, barabara ya maduka katikati ya Minneapolis. Kando ya ukumbi wa muziki wa Orchestra Hall kuna uwanja ulioshuka chini ya usawa wa barabara, wenye ngazi za zege na maji yanayoporomoka kutoka kidato hadi kidato. Unaitwa Peavey Plaza, kwa jina la kampuni ya nafaka iliyouchangia fedha.

Mwaka 1956 soko la Southdale lilifunguliwa katika kitongoji cha Edina, maduka yote yakiwa chini ya paa moja, ndani kuna joto wakati wa theluji. Wafanyabiashara wa mjini wakaona wateja wanawakimbia. Jibu lao lilikuwa Nicollet Mall, iliyochorwa na Lawrence Halprin na kufunguliwa mwaka 1967: magari ya watu binafsi yakaondolewa, wakabaki waenda kwa miguu na mabasi. Mwaka 1975 ukaongezwa uwanja huu wa fawara, kazi ya M. Paul Friedberg wa New York. Kiangazi bwawa lake lilikuwa la kuburudisha macho, na kipupwe liliganda watu wakateleza juu ya barafu.

Lakini fawara katika nchi ya baridi ni mtambo mgumu. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 9, na yaliyojipenyeza kwenye ufa wa zege huupanua kila msimu. Mabomba yaliyofukiwa hayafikiki bila kuvunja. Miaka ikapita, pampu zikachoka, maji yakakatika. Fawara isiyo na maji ikawa rundo la zege, na watu wakaanza kusema kwamba ramani yenyewe ilikuwa mbaya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukuzibwa, na shauri lililotolewa likawa kubomoa nyumba nzima. Mwaka 2012 baraza la jiji liliidhinisha uwanja uvunjwe. Hoja zao si zote zilikuwa za ovyo: ngazi zilimzuia mwenye kiti cha magurudumu, na hilo ni dai la haki. Watetezi wa historia wakaenda mahakamani mwaka huohuo, wakitumia sheria ya mazingira ya Minnesota ya mwaka 1971, ambayo huhesabu mahali pa kihistoria kuwa mali ya asili kama mto au msitu, na humruhusu mkazi kuitetea. Januari 2013 uwanja ukaingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, ukiwa haujafikisha miaka 50 ambayo kwa kawaida hutakiwa. Mwaka huo pande mbili zikapatana.

Ukarabati ulikamilika mwaka 2019. Njia za mteremko ziliwekwa kwa wasioweza ngazi, na bwawa likafanywa la maji ya kina kifupi, yanayoweza kuondolewa kukiwa na tamasha. Maji yakarudi, na watu wakarudi nayo. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye ramani.

Nayaandika haya kwa sababu sisi nasi ni wajenzi wa maji. Tunachangishana hapa, kisima kinachimbwa kijijini, siku ya uzinduzi picha zinapigwa. Mwaka wa tatu kipira cha pampu cha bei ndogo kinakatika, akina mama wanarudi mtoni, na sisi tunaambiwa mradi ule haukufaa. Mkutano ujao wa mchango utakapoitishwa, kabla ya kuuliza kisima kitagharimu kiasi gani, tuulize nani atashika ufunguo wa pampu, na fungu la kuitengeneza litatoka wapi kila mwaka.