Kufifisha na Kulemaza Jeni: Funzo la Samaki-Pundamilia kwa Istilahi za Kiswahili

Dhana mbili za kitaalamu zinapopewa neno moja, tofauti iliyozua mjadala baina ya wataalamu hupotea pia. Makala hii inaonesha hasara hiyo kwa kufuatilia historia ya uchunguzi wa kazi za jeni katika viinitete vya samaki-pundamilia, samaki mdogo wa maji baridi mwenye asili ya Asia ya Kusini.

Aliyemweka samaki huyu katika ramani ya jenetiki ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, kwa makala yake ya mwaka 1981. Viinitete vya samaki huyu hukua nje ya mwili wa mama, ni angavu, na ndani ya saa 24 umbo la msingi la mwili huwa limekwisha kujitokeza. Mnamo Desemba 1996, maabara za Tübingen, Ujerumani, na Boston, Marekani, zilichapisha matokeo ya msako mkubwa wa jeni zilizobadilishwa kwa kemikali. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalitokea kwa nasibu. Mtafiti hakuweza kuchagua jeni.

Mwaka 2000, Aidas Nasevicius na Stephen Ekker wa Minnesota walionesha namna ya kuchagua. Walidunga katika viinitete vichanga mofolino, yaani molekuli fupi iliyoundwa maabara, ambayo hujishikiza kwenye RNA mjumbe ya jeni husika na kuizuia isizalishe protini. DNA haiguswi, protini hupungua tu, na athari yake hutoweka baada ya siku kadhaa. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ya haraka, mbinu hii ilienea upesi.

Shaka ilifuata. Mwaka 2007 ilibainishwa kwamba baadhi ya mofolino huamsha p53 na kuua seli bila kuhusiana na jeni inayochunguzwa. Mwaka 2015, Fatma Kok na wenzake walilinganisha matokeo ya mofolino na ya samaki ambao DNA yao ilikuwa imebadilishwa: takriban asilimia 80 ya dosari zilizoripotiwa kwa mofolino hazikuonekana. Ilielekea kuwa mofolino ndiyo yenye kosa. Lakini mwaka huohuo Andrea Rossi, Didier Stainier na wenzao walichunguza jeni ya egfl7 na kugundua kwamba, DNA inapoharibiwa, jeni nyingine huongeza kazi na kufidia pengo. Protini inapopunguzwa kwa mofolino, fidia hiyo haitokei.

Sasa mjadala huo usimuliwe kwa Kiswahili kinachotumia "kuzima jeni" kwa matendo yote mawili: kuzima jeni kulileta dosari, lakini kuzima jeni hakukuleta dosari. Ugunduzi umegeuka mkanganyiko. Makala hii inapendekeza "kufifisha jeni" kwa kupunguza zao lake, na "kulemaza jeni" kwa kuiharibu katika DNA.

Suala hili linavuka mipaka ya maabara. Eteplirsen, dawa ya mofolino iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa wa Duchenne, hufanya kazi kwenye RNA. Haibadilishi DNA wala hairithishwi. Mabadiliko ya DNA hudumu, na yakifanywa katika kiinitete yanaweza kurithiwa na vizazi. Sheria ya Kiswahili itakayoyaita yote kwa jina moja itapiga marufuku kisichostahili, au itaruhusu kisichokusudiwa. Vyombo vya istilahi katika Afrika Mashariki vina wajibu wa kuitenga tofauti hiyo kabla watunga sheria hawajaihitaji.