Meli ya Askari "Khedive Ismail"

Katika vilima vya Nyololo, kati ya Iringa na Mbeya, bahari haionekani wala mvumo wake hausikiki. Kwa hiyo sisi watu wa bara hudhani kwamba vita vya baharini ni habari za watu wa pwani. Sivyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliokwenda kupigana Burma walivushwa kwa meli, na meli ya askari ikizama, msiba huingia hata nyumba ya mlimani. Basi na tueleze habari za meli moja katika hizo.

Meli hiyo iliundwa Greenock, katika nchi ya Scotland, mwaka 1922. Jina lake la kwanza lilikuwa "Aconcagua", nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Chile, ikichukua abiria katika amani. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikaitwa "Khedive Ismail", kwa jina la mtawala wa Misri ambaye katika siku zake Mfereji wa Suez ulifunguliwa, mwaka 1869. Vita vilipozuka, Waingereza waliitwaa mwaka 1940 iwe meli ya kuchukua askari.

Meli ya namna hii si manowari. Kazi yake ni kuchukua watu, na usalama wake umo katika manowari zinazoilinda. Kwa sababu hiyo husafiri katika msafara.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon. Pamoja na "Khedive Ismail" zilikuwamo "City of Paris", "Varsova", "Ekma" na "Ellenga". Katika "Khedive Ismail" walikuwamo watu 1,511. Miongoni mwao, 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki, maofisa na askari. Walikuwamo pia mabaharia, na wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi.

Tarehe 12 Februari, baada ya adhuhuri, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Manowari tatu, "Hawkins", "Petard" na "Paladin", zilikuwa zikiulinda. Hata hivyo manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, yaani nyambizi, iliyoitwa I-27, ilikuwa ikivizia. Topedo mbili ziliipiga "Khedive Ismail". Dakika mbili hazikutimia, meli ikazama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Meli nne zilizobaki zilitawanyika upesi, kwa maana meli iliyojaa askari ikisimama kuokoa huwa shabaha ya pili. "Paladin" na "Petard" ndizo zilizorudi. Hapo palitokea shauri zito kabisa. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji, karibu na mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Ikiachwa, itaweza kuzamisha meli nyingine. Ikipigwa kwa mabomu ya baharini, watu walio majini watakufa. Mabomu yakatupwa. Baadhi ya waliookoka topedo waliuawa na mabomu ya wenzao.

Baada ya mapigano marefu nyambizi ililazimika kuibuka. "Paladin" ilijaribu kuigonga, ikapasuliwa ubavu yenyewe. Mwishowe topedo ya "Petard" ikaizamisha I-27.

Walipohesabiwa, waliookoka walikuwa 214 tu: wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297.

Je, amri ile ilikuwa ya haki? Anayejibu upesi hajapima mizani yote miwili: ya waliokuwa majini, na ya waliokuwa katika meli nne. Sisi twasema neno moja tu, kwamba wale walio majini nao walilipa gharama ya usalama wa wenzao, na deni hilo halifai kusahauliwa.

Askari wale hawana kaburi la nchi kavu. Majina yao yameandikwa katika ukumbusho uliomo katika makaburi ya vita ya Nairobi. Mwanafunzi afunguapo ramani, na aweke kidole Mombasa, akivute mashariki mpaka Maldivi. Hapo ndipo walipolala wana wa Afrika ya Mashariki.