Hati ya Askari na Jeraha Lisiloonekana

Mwanafunzi amalizapo masomo hupewa hati ya kuondoka shuleni, na ndani yake mwalimu mkuu huandika maneno machache juu ya mwenendo wake. Maneno hayo ni mafupi, lakini humtangulia kila aendako kutafuta kazi. Askari naye ni vivyo hivyo. Siku avuapo sare zake, jeshi humkabidhi karatasi isemayo alitumika namna gani na aliondoka kwa njia gani. Katika nchi ya Marekani karatasi hiyo ina nguvu kubwa mno; imewainua watu wengi, na wengine imewazika wangali hai. Insha hii yaeleza jinsi ilivyowahukumu isivyo haki watu walioumia ubongo vitani, na jinsi sheria ilivyojifunza, polepole na kwa kuchelewa, kuisahihisha hukumu hiyo.

Jeshi la Marekani huwaachisha askari wake kwa daraja tano. Ya kwanza ni ya heshima kamili. Ya pili ni ya kawaida, ambayo heshima yake imepungua kidogo. Ya tatu ni ile isiyo ya heshima, nayo wakubwa wa jeshi waweza kuitoa bila ya kumfikisha mtu mahakamani. Ya nne ni ya mwenendo mbaya, na ya tano ni ya aibu. Hizi mbili hutokana na hukumu ya mahakama ya kijeshi. Mwenye daraja ya kwanza hufunguliwa milango: serikali humlipia masomo, humtibu, na humdhamini apate mkopo wa kununua nyumba. Mwenye daraja ya tatu hukosa msaada wa masomo, na mara nyingi matibabu nayo humponyoka. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Ikiwa kosa lililomfukuzisha lilitokana na jeraha la ubongo, basi karatasi ile humnyang'anya daktari mtu yule yule amhitajiye kuliko wenzake wote.

Lakini je, jeraha laweza kubadili mwenendo wa mtu? Naam, laweza. Ubongo hautumiki kwa kufikiri tu. Sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo imzuiayo mtu asitamke kila limjialo, wala asipige kila akasirikapo. Jambo hili lilidhihirika zamani, tena si vitani. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, nyapara wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba. Baruti ikalipuka, na mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja ukampenya shavuni ukatokea utosini. Ajabu ni kwamba hakufa. Aliishi hata mwaka 1860. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule, ambaye hapo kwanza alikuwa mtulivu na hodari wa kazi, aligeuka kuwa mwenye matusi na asiyedumu katika shauri lolote. Waajiri wake, ambao zamani walimsifu, walikataa kumrudishia unyapara.

Jeraha la Gage lilikuwa na kovu, na kila aliyemwona alijua sababu ya mabadiliko yake. Ingalikuwaje kama mtaimbo ule ungalipita bila ya kuacha alama? Swali hilo lililetwa na Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914. Mizinga ya vita hivyo ilitikisa ardhi usiku na mchana, na askari waliokuwa karibu na mlipuko waliokotwa hawana hata mkwaruzo, lakini wakitetemeka, macho hayaoni vizuri, na kumbukumbu zimewapotea. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari zao katika jarida la The Lancet, na hali hiyo ikajulikana kwa jina la mshtuko wa makombora. Daktari mwingine, Frederick Mott, alidhani kwamba mshindo wa hewa ulikuwa umeujeruhi ubongo wenyewe. Wengine walisema ni udhaifu wa moyo tu. Wakubwa wa jeshi walichelea jina hilo lisiwe kisingizio cha kukimbia vita, na mwaka 1917 jeshi la Uingereza likakataza lisiandikwe ovyo katika karatasi za wagonjwa.

Kabla ya katazo hilo, askari Mwingereza aitwaye Harry Farr alikuwa amekwisha kuonja ukali wa mambo haya. Mwaka 1915 alilazwa hospitali miezi mitano kwa ajili ya mshtuko wa makombora, kisha akarudishwa mstari wa mbele. Mnamo Septemba 1916, katika mapigano ya mto Somme huko Ufaransa, alisema kwamba hawezi kuendelea. Alishtakiwa kwa uoga, akajitetea peke yake bila ya wakili, na tarehe 16 Oktoba akapigwa risasi na wenzake, umri wake miaka 25. Mjane wake alinyimwa pensheni. Ilipasa miaka 90 ipite ndipo, mwaka 2006, Bunge la Uingereza lilipotoa msamaha kwa askari 306 waliouawa kwa makosa kama hayo katika vita hivyo, naye Farr akiwa miongoni mwao. Leo hakuna awezaye kuupima ubongo wake na kusema uliumia kiasi gani. Na hata msamaha ule haukufuta hukumu yake, wala haukumrudishia uhai. Hati iliyoandikwa vibaya ni afadhali kuliko risasi, kwa kuwa yaweza kuandikwa upya, iwapo tu upo mlango wa kuipitishia.

Huko Marekani mlango huo ulifunguliwa katika Vita Kuu ya Pili. Katika vita hivyo jeshi lilitoa kwa wingi hati iliyoandikwa kwenye karatasi ya rangi ya samawati, isiyosema kwamba mtu ana heshima wala kwamba hana. Waajiri walipoiona rangi ile walimfungia mtu mlango bila ya kuuliza neno. Mnamo Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari warudio nyumbani, na sheria hiyo iliunda halmashauri za kupitia upya hati za walioachishwa. Askari aweza kupeleka shauri lake huko kabla miaka 15 haijapita tangu aachishwe. Lakini kwa makosa mengine ya kumbukumbu za jeshi, aliyetaka kusahihishiwa hati yake alikuwa hana budi kumtafuta mbunge apeleke mswada wa kumhusu yeye peke yake! Mwaka 1946 Bunge lilichoka na mzigo huo, likaagiza ziundwe halmashauri nyingine, za raia, ziwezazo kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Hati za samawati zenyewe zilikomeshwa mwaka 1947.

Mlango ulikuwa wazi, lakini aliyebisha hodi alitakiwa kuleta ushahidi, na ushahidi wa jeraha lisiloonekana ataupata wapi? Askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam walihangaika na swali hilo. Ugonjwa wa akili utokanao na misukosuko ya vita haukuandikwa katika orodha rasmi ya madaktari wa akili wa Marekani hata mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita kwisha. Aliyefukuzwa mwaka 1970 kwa ulevi au utoro hakuwa na cheti cha daktari, kwa maana ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujapewa jina hilo.

Ndipo zikaja vita vya Afghanistan, mwaka 2001, na vya Iraq, mwaka 2003. Adui alitega mabomu barabarani, na mavazi mapya ya kinga yaliwaokoa wengi ambao zamani wangalikufa. Lakini kofia ya kinga haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Madaktari wa jeshi wamehesabu watu zaidi ya 400,000 waliopata jeraha la ubongo tangu mwaka 2000, vitani, mazoezini na katika ajali. Wengi wao walipata jeraha dogo. Na mwaka 2016 Daktari Daniel Perl na wenzake walitangaza kwamba, katika bongo za askari waliofariki baada ya kupatwa na milipuko, wameona kwa hadubini makovu ambayo picha za hospitali haziwezi kuyaonyesha. Yale aliyoyadhani Mott miaka mia moja nyuma hayakuwa upuzi.

Sheria nayo ilianza kusogea. Mwaka 2009 Bunge la Marekani liliamuru kwamba askari aliyetoka vitani karibuni, naye ana jeraha la ubongo au ugonjwa wa misukosuko, asiachishwe bila ya heshima kabla ya kupimwa na mtaalamu. Hata hivyo wakaguzi wa serikali walipochunguza mambo, wakatoa taarifa yao mwaka 2017, walikuta kwamba kati ya askari 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu katika miaka ya 2011 hadi 2015, askari 57,141 walikuwa wamekutwa na maradhi yawezayo kuvuruga mwenendo. Katika kila mia, 16 walikuwa na jeraha la ubongo au ugonjwa wa misukosuko. Hatuwezi kusema kwamba wote hao walionewa. Lakini ni dhahiri kwamba wengi walipimwa makosa yao, na hawakuulizwa chanzo chake.

Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alijeruhiwa Vietnam, aliziagiza halmashauri ziwasikilize kwa huruma wenye ugonjwa wa misukosuko. Tarehe 25 Agosti 2017 agizo jingine lilitaja wazi jeraha la ubongo, likaweka maswali manne. Je, mtu huyu alikuwa na hali iwezayo kumpunguzia lawama? Je, alikuwa nayo wakati wa utumishi wake? Je, kweli hali hiyo yapunguza lawama ya kosa alilolitenda? Na je, uzito wake wazidi uzito wa kosa lenyewe? Agizo hilo lilisema pia kwamba maneno ya askari mwenyewe yaweza kutosha kuwa ushahidi, na kwamba hata utovu wa nidhamu waweza kuwa dalili ya ugonjwa. Askari hodari ambaye baada ya mlipuko aanza kuchelewa, kusahau amri na kugombana na wakubwa wake, huenda ameumwa, wala si mkaidi.

Agizo hili si ruhusa ya kila ovu. Kosa lililopangwa kwa makusudi, kwa kawaida, halisamehewi kwa sababu ya ugonjwa. Wala si wote washindao. Wapo wasiojua kwamba mlango upo, na wapo ambao ubongo wao ulioumia hauwawezeshi hata kukusanya karatasi zitakiwazo. Askari wengine walilipeleka jeshi mahakamani, na kwa mapatano yaliyokubaliwa mwaka 2021 jeshi la nchi kavu liliahidi kuzipitia tena hukumu zake nyingi za zamani.

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Aliye nje huona tendo tu. Maumivu yaliyolizaa hayaoni. Huenda siku moja wewe msomaji ukawa mwalimu, karani au mkuu wa kazi, na kalamu ya kuandika mwenendo wa mwenzako ikawa mkononi mwako. Ukiona mtu mwema amebadilika ghafula, ulizia kwanza yaliyompata, ndipo uandike. Harry Farr alikuwa amelala hospitali miezi mitano kabla ya kushitakiwa. Habari hiyo ilikuwa tayari katika karatasi; haikupewa uzito wake.