MCHUNGAJI ANAPOONDOKA: NANI ATAMBATIZA MTOTO?

Sehemu ya 1

Niliwaahidi mada ya chanjo ya surua wiki hii, naomba mnisamehe, itakuja. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala saa tatu tu, na kichwa kimejaa jambo lingine.

Jumapili tuliyomaliza tulitangaziwa kanisani kwamba mchungaji wetu amehamishwa. Barua imetoka dayosisi, ana mwezi mmoja. Wanaoishi Mgololo mnajua usharika wetu ulivyo. Hapa hakuna mwenyeji wa kusema huyu ni mgeni. Kiwanda cha karatasi kilipoanza uzalishaji mwaka 1985 watu walitoka kila kona: Wahehe na Wabena wa hapa karibu, Wakinga, Wanyakyusa, Wachaga, Wahaya. Wengine walishuka kwenye treni ya TAZARA na godoro kichwani, hawamjui mtu. Kanisa ndilo lilikuwa ndugu wa kwanza. Miaka ya 1990 mashine ziliposimama, wengi waliondoka, nyumba zikabaki na madirisha matupu mpaka kiwanda kiliponunuliwa na wawekezaji kutoka Kenya mwaka 2004 na watu kuanza kurudi. Kwa hiyo kupokea na kuaga kwetu ni kazi ya kawaida kama kuchota maji.

Lakini mchungaji ni tofauti. Baada ya ibada, mnadani, kuku na debe la mahindi vilikuwa vinanadiwa na hakuna aliyekuwa anapandisha bei. Mzee wa kanisa anapiga kelele "elfu nane, elfu nane", watu wanaangalia chini. Dada mmoja mwenye mtoto wa wiki tatu alinishika mkono, akaniuliza, "Nesi, sasa mwanangu atabatizwa na nani?"

Nikamwambia mwinjilisti yupo, mkuu wa jimbo atatuletea mchungaji wa jirani. Akanyamaza tu, hakuridhika. Nilipofika nyumbani swali lake likaniuma, maana mimi kwa kazi yangu nina sababu ya kulijua jibu lake. Nitalifikia. Kwanza niwarudishe nyuma, maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini walishawahi kuachwa bila mchungaji, tena si mwezi mmoja. Ni miaka.

Sehemu ya 2

Kanisa la Kilutheri lilifika pande hizi mwaka 1891. Wamisionari wa Shirika la Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipitia Ziwa Nyasa wakaanzia Unyakyusa. Wamoravian walifika mwaka huohuo, wakakaa Rungwe. Baadaye Waberlin wakapanda kuja Ubena na Uhehe. Ndipo mkasikia majina kama Kidugala, Lupembe, Ilembula, Yakobi, Pommern. Ndiyo, Pommern ya Kilolo ni jina la jimbo la Kijerumani! Wengi wetu tulidhani ni Kihehe.

Sasa, ili muelewe kilichotokea baadaye, lazima mjue kituo cha misheni kilivyofanya kazi. Msifikirie Mzungu aliyekuwa anazunguka kila kijiji kuhubiri. Kituo kilikuwa na mmisionari mmoja au wawili, na kuzunguka pale kulikuwa na vijiji vingi vyenye shule ndogo za nyasi. Kila shule ilikuwa na mwalimu mwenyeji. Huyo mwalimu asubuhi alifundisha kusoma, jioni aliendesha sala, Jumapili alihubiri, akasuluhisha ugomvi wa wanandoa, akazika wafu. Yaani kazi yote ya mchungaji alikuwa nayo, isipokuwa mambo mawili: kubatiza na kugawa Meza ya Bwana. Hayo yalimngoja mmisionari aje kwa safari yake. Na huku kwetu uchungaji wenyewe ulikuwa bado mikononi mwa Wazungu.

Mimi huwa nasema huo ulikuwa mpango wenye kidonda ndani. Ni sawa na zahanati ambayo manesi wanafanya kila kitu halafu ufunguo wa kabati la dawa anao daktari mmoja anayekaa mbali. Siku daktari haji, je?

Siku hiyo ilifika mwaka 1916.

Sehemu ya 3

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza 1914, ila huku Kusini moto wenyewe uliwaka Mei 1916. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Tukuyu ikatekwa, Njombe ikatekwa, na mwishoni mwa Agosti Iringa nayo. Wamisionari walikuwa Wajerumani, raia wa adui. Wakakusanywa na familia zao, wakaondolewa wakiwa mateka.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama wa Kidugala au Lupembe mwaka ule. Leo mchungaji yupo, kesho nyumba yake imefungwa. Hakuna ibada ya kuaga, hakuna harambee, hakuna kitenge cha Mama Mchungaji. Hakuna aliyesema atarudi lini. Na vita havikuondoka na mchungaji. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili, wengi hawakurudi. Askari walichukua nafaka na ng'ombe. Ikafuata njaa. Halafu mwaka 1918 ukaja ule ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima, na Afrika Mashariki haukuiruka. Mafua yale yaliua zaidi watu wazima wenye nguvu, wakiwamo wajawazito, tofauti na mafua ya kawaida yanayowabeba wazee na watoto wachanga. Mimi kama nesi nikifikiria kijiji chenye njaa, baba hayupo, mama ana mimba na homa, nasikia baridi mgongoni.

Sasa katika hali hiyo, nani alibaki? Walibaki wale walimu wa shule za nyasi. Hawana mshahara, maana aliyekuwa akiwalipa amechukuliwa. Wengine waliacha, tusidanganyane, wengine walirudi kulima na kanisa likawa pori. Lakini wengine waliendelea kupiga kengele kila Jumapili. Waliendelea kufundisha watoto katekisimo bila kujua nani atawabatiza. Na waliokaa kuwasikiliza wengi walikuwa akina mama, kwa sababu ndio waliokuwepo nyumbani.

Waingereza waliwakabidhi Wapresbiteri wa Scotland waliokuwa Nyasaland jukumu la kuangalia sharika hizi. Livingstonia, misheni yao ya upande wa kaskazini mwa Malawi, ilileta wamisionari wachache pamoja na wainjilisti Waafrika. Fikiria, watu wa madhehebu mengine, wenye nyimbo tofauti na utaratibu tofauti, wakawa wageni wa kanisa lililoachwa. Na lilipokea. Aliyekuja kusaidia alipewa kigoda na maji ya kunawa. Huu ndio ukarimu ninaouona mimi hadi leo hapa Mgololo, tunampokea mtu kwanza, maswali baadaye.

Msije mkadhani ni huku tu. Kilimanjaro wamisionari wa Leipzig waliachwa wafanye kazi wakati wa vita, ila mwaka 1920 nao wakafukuzwa. Kule Arusha alibaki mmoja, Leonhard Blumer, kwa sababu tu alikuwa Mwestonia na si Mjerumani! Mlimani kule pia walimu wenyeji ndio walioshika sharika mpaka Waamerika wa Augustana walipofika kuwasaidia miaka ya mwanzo ya 1920.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925. Waberlin wakarudi. Mtoto aliyezaliwa mwaka walioondoka sasa alikuwa na umri wa kuchunga ng'ombe.

Sehemu ya 4

Hii nitaifupisha, mtoto wangu anaamka.

Septemba 1939 vita vya pili, na hadithi ikajirudia. Wajerumani wakakamatwa tena, wamisionari kwa walowezi. Hata mashamba ya chai ya Mufindi mengi yalikuwa ya Wajerumani, yakabadilisha mikono wakati ule. Misheni zilizoachwa ziliitwa kwa lugha ya kanisa "misheni yatima". Augustana wa Marekani, waliokuwa Iramba na Singida, walikabidhiwa ulezi wa yatima hao nchi nzima, na huku Kusini wakaja pia Waswidi.

Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Miaka ya 1930 kanisa lilikuwa limeshaanza kubariki wachungaji wenyeji. Kwa hiyo mara hii Mzungu alipochukuliwa, ubatizo haukusimama na Meza ya Bwana haikufungwa. Ufunguo wa kabati ulikuwa tayari kwenye mikono zaidi ya mmoja. Kwa maoni yangu kanisa hili lilipata akili kwa sababu ya ile miaka tisa migumu. Lisingeachwa, lingechelewa zaidi kuwaamini watu wake. Najua wapo watakaonibishia, karibuni.

Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri, la Kusini likiwa mojawapo, yaliungana kuwa KKKT moja, kiongozi wake wa kwanza Askofu Stefano Moshi. Tangu hapo mchungaji akiondoka anaondoka kwa barua ya uhamisho, si kwa bunduki. Ni jambo la kushukuru, hata kama tunalia.

Sehemu ya 5

Sasa lile swali la dada yangu.

Kanisa letu halisemi mchungaji peke yake ndiye anayeweza kubatiza. Kwa kawaida ni yeye, mbele ya usharika, na ndivyo inavyopasa. Lakini mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza: mama, baba, bibi, nesi. Maji, jina la mtoto, na maneno ya kumbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Basi. Ubatizo huo ni kamili. Mtoto akipona anapelekwa kanisani, mchungaji anautangaza mbele ya watu na kumwombea, habatizwi mara ya pili. Si jambo jipya. Huko Ulaya tangu enzi za Martin Luther wakunga ndio waliokuwa wakifanya hivyo, kwa sababu wao ndio wanaokuwepo saa ile.

Mimi nimeshafanya mara moja. Sitasema wapi wala lini. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kiganja na nusu, saa tisa usiku, mvua inanyesha kiasi kwamba hata pikipiki isingepita. Tulishafanya yote tuliyoweza. Mama yake akaniambia, "Nesi, usimwache aende hana jina." Maji yalikuwa kwenye kikombe cha chai cha plastiki. Mkono wangu ulitetemeka kuliko siku ya mtihani wa diploma. Mtoto aliishi mpaka kunapambazuka.

Asubuhi nikampigia mchungaji, huyuhuyu anayehama. Nikategemea ataniuliza maswali, kama nimesema maneno sawasawa, kama nina kibali. Akaniuliza jina la mtoto tu. Akaliandika kwenye daftari la usharika, kisha akaja kwa miguu kwenye tope kumzika. Ndiyo maana na mimi Jumapili ile sikupandisha bei ya kuku.

Kwa hiyo mdogo wangu mwenye mtoto wa wiki tatu: mwanao ni mzima, ananyonya vizuri, kilo zake nimeziona kwenye kadi. Hana haraka. Nenda kwa mwinjilisti aandike jina lake, na wasimamizi wa ubatizo uwatafute mapema. Mchungaji wa jirani atakuja Jumapili ya pili ya mwezi. Ukichagua kumsubiri mchungaji mpya, ni sawa pia. Ila mama yeyote mwenye mtoto anayehema kwa shida, anayekataa ziwa au mwenye homa, naomba mnisikie: hospitali kwanza, usikae nyumbani kungoja mchungaji wala mimi. Maji ya ubatizo yapo hata wodini.

Kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu, ana zaidi ya miaka themanini. Nilimkuta jana anachambua maharage kibarazani. "Shikamoo bibi, umesikia mchungaji anahama?" Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nimeaga saba mimi. Wa kwanza alikuja kwa baiskeli, akaondoka kwa baiskeli." Akaendelea na maharage yake. Baadaye akanyanyua uso, "Huyo mpya ana watoto wadogo?"

Nikamwambia wawili, nimesikia.

"Basi nyumba ile ina upepo chumba cha nyuma. Mzibe kabla hawajafika."

Nimeongea na mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, jumuiya mbili za kwanza tunakutana nyumba ya mchungaji. Wa kiume waje na misumari na mbao za kuzibia, sisi ndoo, mafagio na sabuni. Maji ya bomba yanakatika mchana, kwa hiyo msichelewe. Wenye watoto mgongoni waje nao, nitakuja na mzani niwapime hapohapo.