Aida: Binti wa Ethiopia na sauti zilizomwimba
Aida, opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi, huimbwa kwa Kitaliano, lakini kisa chake ni cha Afrika, na ni Afrika ilikoonyeshwa kwa mara ya kwanza: mjini Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Wengi husema ilitungwa kwa ajili ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Sivyo. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka huohuo jumba la opera la Cairo lilizinduliwa kwa kazi nyingine ya Verdi, Rigoletto. Aida iliagizwa na mtawala wa Misri, Ismail Pasha, kwa malipo ya faranga 150,000. Ilichelewa kwa sababu maleba na mapambo ya jukwaa yalikwama Paris, mji uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Prussia.

Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa mtumwa wa binti Farao. Anampenda Radames, jemadari wa Misri anayetumwa kupigana na Waethiopia. Katika sehemu ya tatu, usiku kando ya Mto Nile, anaililia nchi asiyotarajia kuiona tena. Hapo ndipo mwimbaji hupimwa, kwani sauti hutakiwa kupanda hadi kileleni ikiwa bado nyororo, wala hakuna kishindo cha okestra cha kuificha. Punde baba yake anatokea na kumshurutisha amdodose mpenzi wake siri ya vita.

Kwa miongo mingi Aida aliimbwa na wanawake wa Kizungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Leontyne Price, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1927, enzi za ubaguzi wa kisheria, hakuihitaji rangi hiyo. Alimwimba San Francisco mwaka 1957, kisha Vienna, na mwaka 1960 katika La Scala ya Milan. Alipoaga jukwaa la Metropolitan, New York, Januari 1985, aliaga kwa Aida, na makofi baada ya wimbo ule wa Nile yalidumu dakika kadhaa.

Rangi yenyewe haikutoweka. Julai 2022, Mmarekani mweusi Angel Blue alijitoa katika La Traviata kwenye Arena ya Verona, Italia, kwa kuwa waimbaji wa Aida walipakwa rangi katika uwanja huohuo. Waandaaji walijibu kwamba sura ya maonyesho hayo, yaliyobuniwa na Franco Zeffirelli mwaka 2002, ilijulikana tangu alipokubali kuimba huko. Tarehe 31 Desemba 2024, Blue alipanda jukwaa la Metropolitan akiwa Aida mwenyewe.