Seli Moja na Mpaka wa Pori

Mfugaji wa Meatu hahitaji hadubini kumjua ng'ombe mwenye nagana. Humwona asubuhi mifugo ikitoka zizini: ndiye anayebaki nyuma, nywele zimesimama, macho yanachuruzika, mbavu zinahesabika ilhali majani yapo tele. Akiwa na mimba, huitupa. Mfugaji atasema kaumwa na mbung'o, jirani yake atasema ndorobo, na wote wawili wanamtaja inzi yule yule wa kahawia anayetua na kulaza mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Lakini mbung'o ni mbebaji tu. Anayeua ni kiumbe cha seli moja, tripanosoma, kidogo kiasi kwamba hamsini wakipangwa mkia kwa kichwa hawazidi sana milimita moja.

Ukisafiri kutoka Bariadi kwenda mashariki, mashamba ya pamba na mahindi yanapungua, kisha linaanza Pori la Akiba la Maswa, na nyuma yake Serengeti. Watu wengi hudhani mpaka huo ulichorwa ofisini. Mimi naona ofisi ilikuja kusimika bikoni mahali ambapo tripanosoma alikwisha kupita.

Wasukuma hawakuwa wageni kwake. Palipokuwa na vijiji vilivyokaribiana, jembe, moto na midomo ya mifugo vilizuia vichaka, na mbung'o wa huku bila kivuli cha kichaka hadumu. Mambo yaliharibika miaka ya 1890 ilipoingia sotoka. Sotoka ilitokana na kirusi kisicho na hata hiyo seli moja, lakini kilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na njaa na ndui vikafuata. Wafugaji walipopungua, vichaka vilirudi. Wanyamapori nao waliongezeka upya, na mbung'o wakapata pa kukaa na pa kunyonya.

Mwaka 1922 ukaripotiwa mlipuko wa malale, ugonjwa wa tripanosoma kwa binadamu, upande wa Maswa. Habari ziliwashtua wataalamu, kwa sababu malale waliyoizoea ni ile iliyoua watu zaidi ya 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne, ugonjwa wa mwambao wa ziwa unaomla mtu polepole. Huku ziwa liko mbali, na mgonjwa hufa ndani ya miezi. Lyndhurst Duke, mtafiti wa serikali ya Uganda, alikuja kuchunguza. Charles Swynnerton, bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, akawachunguza inzi wenyewe. Ikabainika kwamba mbung'o huyu wa pori kavu la migunga hakuwa ameandikwa na sayansi bado. Mwaka 1923 akapewa jina: Glossina swynnertoni. Ni heshima ya ajabu kidogo, maana Swynnerton alitumia maisha yake yote yaliyobaki kujaribu kummaliza huyo somo wake.

Mbinu yake ilikuwa shoka na moto. Kuanzia miaka ya 1920, watemi wa Shinyanga waliita watu kwa maelfu wakati wa kiangazi kufyeka vichaka, na nyasi zikazuiwa zisichomwe mapema ili moto wa mwisho wa kiangazi uwe mkali. Ardhi ilifunguka, ng'ombe wakarudi. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini ufyekaji uliendelea, na pamba ikaja kudai nafasi yake. Deni la miti iliyofyekwa lilikuja kulipwa baadaye. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Wananchi waliombwa kurudisha miti kwa utaratibu wa wazee wao wenyewe, ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi. Wajukuu wakawa wanaotesha walichofyeka mababu.

Upande wa pili wa mpaka, tripanosoma hajahama. Nyati, pofu na ngiri humbeba damuni bila kuugua. Mwaka 2001 watalii kadhaa walirejea makwao kutoka mbuga za kaskazini mwa Tanzania wakiwa na malale. Chanjo haipo hadi leo, na sababu yake inavutia: mwili unapomtambua tripanosoma kwa vazi lake la nje na kuanza kumshambulia, baadhi yao wanakuwa wamekwisha kubadili kanzu. Askari wa damu wanaanza upya kumtafuta mtu asiye na sura ile.

Kwa hiyo ng'ombe akishaugua, kinachobaki kwa mfugaji ni sindano. Dawa ya chenga za njano hununuliwa duka la mifugo kwa pakiti, ikachanganywa na maji yaliyochemshwa, ikageuka njano ya kiini cha yai. Kipimo hufuata uzito, na mizani ya ng'ombe kijijini haipo, basi uzito unakadiriwa kwa jicho. Pakiti ya mmoja ikigawiwa wawili, vimelea hafifu hufa na sugu hubaki. Kiangazi kikikaza na malisho ya kijiji kwisha, nyasi zinaonekana zimesimama ng'ambo ya bikoni. Hapo mfugaji anapiga hesabu mbili: faini akikamatwa, na ng'ombe wangapi watabaki nyuma asubuhi, nywele zimesimama.