Jumamosi Usiku Mjini Dublin: Tarikhi ya Majilisi ya Televisheni

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1961, stesheni ya televisheni ya taifa la Ireland ilipofunguliwa rasmi mjini Dublin, Rais wa Jamhuri, mzee Éamon de Valera, ambaye alikuwa ameipigania nchi hiyo kwa silaha katika ujana wake na kuiongoza kwa miaka mingi katika utu uzima wake, alitoa hotuba iliyochanganya pongezi na hofu. Kwani alisema kwamba chombo hicho kipya, kama zilivyo nguvu za atomiki, kinaweza kuleta heri isiyopimika, na kinaweza vilevile kuleta madhara yasiyorekebishika. Haikutimia miezi saba, mnamo Julai 1962, stesheni hiyo ikaanzisha kipindi cha mazungumzo kiitwacho The Late Late Show, ambacho kilikusudiwa kuziba pengo la ratiba ya kiangazi tu kisha kiondolewe. Hakikuondolewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini kilirushwa usiku wa Jumamosi, na katika muda huo kikawa mahali ambapo taifa zima lilisikia, mara nyingi kwa mara ya kwanza, mambo ambayo kila mtu aliyajua na hapakuwa na aliyethubutu kuyataja hadharani.

Ili uzito wa jambo hili ufahamike, sharti ikumbukwe Ireland ya zama zile ilikuwa nchi ya namna gani. Katiba ya mwaka 1937 ililitambua Kanisa Katoliki kuwa na nafasi maalumu katika dola, ikaharamisha talaka; sheria ya mwaka 1935 ilipiga marufuku kuuza vifaa vya kuzuia mimba na kuviingiza nchini; na sheria ya mwaka 1929 ilikuwa imeunda bodi ya kuchuja vitabu, hata waandishi hodari wa nchi hiyo wakasomwa London ilhali nyumbani kwao vitabu vyao vilizuiwa. Shule, hospitali na malezi ya mayatima aghalabu vilikuwa mikononi mwa mapadri na masista, na neno la askofu lilitiiwa na mkulima na waziri kwa kadiri moja. Kanisa hilohilo ndilo lililotuletea sisi wa Afrika Mashariki wamisionari wengi: masista wa Loreto waliofika Nairobi mwaka 1921, na mapadri wa Roho Mtakatifu waliojenga na kufundisha shule nyingi za Kenya. Waliolelewa mikononi mwao wanajua vema adabu gani ilidaiwa darasani na maswali gani hayakuulizwa.

Katika nchi hiyo alitokea Bwana Gay Byrne, mzaliwa wa Dublin, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliyesomeshwa na mabradha wa Kikatoliki. Alikuwa na umri wa miaka 27 alipokabidhiwa kipindi, akakiongoza hadi mwaka 1999, ukiondoa muda mfupi wa mwaka 1964 ambapo mwingine alishika nafasi yake. Hakuwa mwasi, wala hakujidai kuwa mrekebishaji wa jamii. Alivaa suti nadhifu, akasema kwa sauti ya upole, na siku zote alishikilia kwamba kazi yake ni kuwaburudisha watu. Lakini alikuwa mtayarishaji wa kipindi pamoja na kuwa mtangazaji wake, na kwa hivyo uamuzi wa nani aitwe na nini kiulizwe ulikuwa wake.

Nguvu ya kipindi hicho, kwa mtazamo wangu, ilikuwa katika mpango wake zaidi kuliko ushujaa wa mtu yeyote. Kilirushwa moja kwa moja, hivyo neno likishatoka halikuweza kurudishwa wala kukatwa. Majina ya wageni hayakutangazwa kabla, na mtazamaji alikaa kama akaaye barazani jioni, asijue ni nani atakayepita akapiga hodi. Mwigizaji wa sinema, mwanasiasa, mwimbaji na padri waliweza kukutana katika kikao kimoja, na waliokuwa ukumbini waliruhusiwa kusimama wakapinga. Tena katika sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na stesheni nyingine ya kutazama. Babu, mama, binti na mjukuu walikuwa chumba kimoja mbele ya kioo kimoja, na jambo la aibu lilipotajwa hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa jikoni.

Siku yenyewe nayo ilikuwa na maana yake. Ulikuwa ni usiku wa kuamkia Jumapili, na asubuhi iliyofuata karibu taifa zima lilikwenda kusali. Neno lililosemwa saa tano za usiku liliweza kujibiwa mimbarini kabla ya saa sita za mchana, kisha likaendelea kubishaniwa nje ya lango la kanisa na katika vilabu vya pombe. Kipindi na Kanisa viligombea masikio yaleyale kwa muda wa saa kumi na mbili, na haya yalionekana wazi mwezi Februari 1966.

Usiku wa tarehe 12 mwezi huo mume na mke walialikwa kucheza mchezo wa kupima jinsi wanandoa wajuanavyo. Kila mmoja aliulizwa peke yake, mwenziwe asisikie. Mume aliulizwa gauni la kulalia alilovaa mkewe usiku wa arusi lilikuwa la rangi gani. Akajibu kwamba lilikuwa likionyesha mwili, na ukumbi ukacheka. Mke alipoletwa akaulizwa swali lilelile, akasema kwamba huenda hakuvaa gauni lolote. Ukumbi ukacheka zaidi, na mchezo ukaendelea. Basi Askofu Thomas Ryan wa jimbo la Clonfert, aliyekuwa akitazama, alighadhibika hata akaamuru gazeti moja la Jumapili lipashwe habari ya malalamiko yake usiku uleule, na asubuhi akapanda mimbarini katika kanisa kuu la mji wa Loughrea, akawaasa waumini wasikitazame tena kipindi kile. Baraza la mji huo nalo likakilaani. Stesheni ikaomba radhi, na Byrne pia akaomba radhi. Lakini katika siku zilizofuata barua nyingi zilifika magazetini, na miongoni mwa waandishi wake walikuwapo Wakatoliki wa kweli waliouliza ni dhambi gani hasa iliyotendwa na mke aliyezungumza habari za arusi yake mwenyewe mbele ya mume wake mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Maaskofu walikuwa wamekemea mambo mengi kabla ya hapo, ila hawakuwa wamezoea kujibiwa.

Mwezi mmoja baadaye mwanafunzi wa Chuo cha Trinity, katika kulalamikia kanisa kuu lililokuwa limetoka kujengwa Galway, alimwita askofu wa mji huo punguani, na fadhaa ikaanza upya. Husimuliwa pia kwamba Mbunge Oliver Flanagan alipata kudai kuwa mambo ya unyumba hayakuwapo Ireland kabla ya televisheni. Wengi wameyacheka maneno hayo, nami naona hawakumtendea haki, kwa sababu alikuwa amegusa ukweli: mambo yenyewe yalikuwapo tangu Adamu, bali mazungumzo juu yake ndiyo yaliyokuwa hayapo.

Kipindi ninachokihesabu kuwa kikubwa kuliko vyote kilirushwa mwezi Machi 1971, ambapo usiku mzima walipewa wanawake wa chama kipya cha kudai haki zao. Ni lazima kukumbuka kwamba mtumishi wa serikali aliye mwanamke alilazimika wakati ule kuacha kazi siku anapoolewa, na kanuni hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1973. Waliokaa jukwaani walieleza mambo hayo kwa utaratibu, wakiwa pamoja na Seneta kijana wa miaka 26, mwanasheria Mary Robinson. Mwandishi wa habari Mary Kenny alipoinuka miongoni mwa hadhira akasema kwamba wanasiasa hawajali hata kidogo shida za wanawake, Mbunge Garret FitzGerald, aliyekuwa nyumbani kwake akitazama, aliingia katika gari, akaenda studio, akajitoma katika mjadala kipindi kikiwa bado kinaendelea. Alidhani angetuliza, badala yake kelele ziliongezeka hata ikawa vigumu kusikia nani anasema nini. Laiti kila mwanasiasa angekuwa na wepesi kama ule wa kuondoka kitini kwake anaposikia analaumiwa. FitzGerald akaja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1981, na Robinson akachaguliwa kuwa Rais mwaka 1990, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini mwake.

Mwezi Mei wa mwaka uleule wa 1971 wanawake wa chama hicho walipanda treni kwenda Belfast, ambako sheria ilikuwa nyingine, wakanunua vifaa vya kuzuia mimba, wakarudi navyo Dublin wakivionyesha mbele ya maofisa wa forodha, ambao hawakujua la kufanya. Sheria ilingoja hadi mwaka 1979 ndipo ikalegezwa, na hata hapo kwa cheti cha daktari tu.

Februari 1980 Joni Crone alikaa mbele ya Byrne akasema kwa utulivu kwamba yeye ni mwanamke apendaye wanawake, wa kwanza kutamka hivyo katika televisheni ya Ireland. Septemba 1985 walipoalikwa wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa masista na kuandika kitabu juu ya mambo hayo, watu walisimama nje ya studio wakisali rozari na kuimba nyimbo za dini. Mwaka huohuo kipindi kikahamishiwa Ijumaa.

Katika kusifu nisifiche palipokosewa. Mwaka 1992 Eamonn Casey, Askofu wa Galway, mtu aliyependwa kwa ucheshi wake na kwa juhudi zake za kuwasaidia maskini wa dunia, aliikimbia nchi baada ya kufichuka kwamba ana mtoto wa kiume na Mmarekani Annie Murphy. Aprili 1993 bibi huyo alikuja katika kipindi. Byrne, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amewastahi wageni wa kila namna, alimhoji kwa ukali, kana kwamba mshtakiwa ni yeye. Na mwisho akamwambia kwamba mwanawe akiwa na nusu tu ya wema wa baba yake hatakuwa mtu mbaya. Bibi Murphy akajibu kwamba yeye mwenyewe pia si mbaya, kisha akainuka akaenda zake. Katika jibu lile fupi alimshinda mwenyeji wake, na waliokuwa wakitazama walijua.

Siasa nazo zilipita hapo. Gerry Adams, kiongozi wa chama kilichohusishwa na wapiganaji wenye silaha wa Ireland ya Kaskazini, alipofika mwaka 1994, mwaka uleule ilipoondolewa marufuku ya kuwatangaza wasemaji wa chama chake, Byrne hakumpa mkono. Januari 1999 Pádraig Flynn, kamishna wa Umoja wa Ulaya, alilalamika mbele ya taifa juu ya gharama za kutunza nyumba tatu, kisha akamsema kwa dharau mjenzi Tom Gilmartin, aliyedai kuwa alimpa pauni 50,000. Gilmartin, kwa kuudhiwa na maneno hayo, akakata shauri kwenda kutoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi. Na tume hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2012, ikatamka kwamba Flynn aliziomba fedha hizo kifisadi. Usiku ule wa kipindi hakuna mwendesha mashtaka aliyemwuliza Flynn swali gumu. Alipewa kiti, hadhira na muda wa kutosha wa kuzungumza.

Byrne aliondoka katika kipindi Mei 1999, akafariki dunia Novemba 2019. Walimfuata Pat Kenny, Ryan Tubridy, na tangu Septemba 2023 Patrick Kielty. Kipindi kingali hai kila Ijumaa katika msimu wake, na usiku wa vitu vya kuchezea vya watoto kabla ya Krismasi, ulioanza katika miaka ya 1970, ungali unapendwa na nchi nzima. Talaka imeruhusiwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, na ndoa za jinsia moja kwa kura ya mwaka 2015. Wako wanaompa Byrne sifa ya mageuzi hayo yote, na wako wanaomlaumu kwayo. Pande zote mbili zinamzidishia. Sheria zilibadilishwa na waliozipigania mahakamani, bungeni na barabarani, wengine kwa kupoteza kazi na jamaa zao. Alilofanya yeye ni kuwapa kiti na kuwaacha wamalize maneno yao mbele ya wale wasiotaka kuwasikia. Leo majina ya wageni hutangazwa siku kadhaa kabla, kila mtu akajua mapema kama atatazama au la, na kwa hukumu yangu badiliko hilo limekipunguzia kipindi nguvu kuliko kuhama kwa siku na kuondoka kwa Byrne kwa pamoja.